Mama Taipu Mbele ya Wanafunzi wa Udaktari

Kwa miaka thelathini alipiga taipu hati za mahakama, na jina la Mama Taipu likamganda. Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, na tangu mvua zianze alikuwa na siri: kumbukumbu zilikuwa zinamponyoka. Mara mbili birika liliungulia jikoni. Siku moja alisimama sokoni asijue nyumbani ni kushoto au kulia. Dada yake alianza hivyo hivyo, na mwisho hakuwajua hata wanawe.

Kwa hiyo daktari wa kliniki ya wazee alipomwomba wanafunzi wajifunzie kwake, alitaka kukataa. Binti yake akamuwahi: "Mama hana neno, daktari." Ikabidi ajikaze kisabuni.

Wanafunzi watano walijibanza ukutani. Aliyesogea mbele alikuwa msichana mwembamba, kalamu ikimtetemeka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unatetemeka? Mgonjwa si mimi?"

Wakacheka. Yeye akaubana mkoba wake mapajani.

Msichana akamtajia maneno matano, akamuuliza tarehe, kisha akamwomba ayarudie yale maneno. Yalikuja mawili tu.

"Huyu ndiyo basi," mwanafunzi mmoja akamnong'oneza mwenzake.

Nimekwisha, Mama Taipu akajisemea.

"Masikio ya bibi ni mazima kuliko yako," daktari akamwambia yule mwanafunzi. "Mwombe radhi, kisha utoke." Akamgeukia msichana. "Na wewe hujamaliza. Kuna jambo hujauliza."

Msichana akavuta kiti, akakaa wakatazamana uso kwa uso. "Bibi, dawa zako unazo hapo?"

Mama Taipu akaumwaga mkoba mezani. Msichana akasoma pakiti moja moja, akasita kwenye mbili.

"Hii ya nini?"

"Ya usingizi. Nilipewa hospitali."

"Na hii?"

"Ya mafua, nilinunua duka la dawa. Inanilaza vizuri, nikaendelea nayo."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

Daktari akazishika zile pakiti. "Hizi mbili kwa pamoja zinaweza kumvuruga akili mtu wa umri wako. Hii ya mafua uiache leo. Ya usingizi tutaipunguza kidogo kidogo, usije ukaikata ghafla. Halafu tutakupima tena. Siwezi kukuahidi kitu, mama."

Njiani kurudi nyumbani Mama Taipu akamwambia binti yake habari za birika na za sokoni.

"Mama! Kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa utaniangalia kama tulivyokuwa tunamwangalia mama yako mkubwa."

Binti akamshika mkono.

Baada ya miezi miwili alikumbuka maneno manne kati ya matano, na msichana akapiga makofi kama mtoto. Siku hizi Mama Taipu huenda kila Alhamisi wanafunzi wapya wajifunzie kwake. Lakini kila akifika mlangoni mikono humwia baridi, na husimama kwanza mpaka pumzi imrudie.