Nililitapanya Shamba la Mama

Nimekosa, jamani, na sitafuti wa kumsingizia. Wapo wanaotapanya mali kwa pombe, wapo wanaoitapanya kwa wanawake. Mimi nimetapanya udongo. Udongo wa mama yangu mzazi!

Kwetu ni huku juu, upande wa Mlalo, milima mitupu. Baba alipofariki alituachia shamba moja mgongoni mwa kilima. Mimi ndiye mkubwa, nyuma yangu wadogo zangu wawili wa kiume. Tulikula hapo, tulivaa hapo, na mahari zetu zingetoka hapo hapo.

Ndipo serikali ya Waingereza ikaleta amri ya matuta. Kila mtu achimbe matuta ya kukinga maji shambani kwake, asiyechimba atozwe faini. Watu walichukia, na mimi nilichukia kuliko wote. Mdomo wangu nao! Kila gulio nimesimama, nasema hatuwezi kulimishwa kwenye ardhi ya babu zetu.

Wakati huo mama anachimba. Peke yake, tuta baada ya tuta, na kingoni akapanda majani ya kushika udongo. Nilimwambia aache.

"Siwachimbii wao, mwanangu," akanijibu. "Najichimbia mimi."

Siku moja gulioni rafiki yangu akanicheka mbele za watu. "Wewe unatupigia kelele hapa, kumbe mama yako amekuwa mke wa bwana shamba!" Watu wakaangua kicheko. Loo, aibu niliyoiona! Damu ilinipanda kichwani.

Mama alikuwa amekwenda mazishini Vuga. Nikachukua jembe nikayasawazisha matuta yote, mchana kweupe, ili wapita njia waone. Majani nikayang'oa nikawatupia mbuzi. Watu wakanishangilia kutoka njiani, nami nikajiona dume kweli kweli!

Mama aliporudi hakunigombeza. Alisimama pembeni mwa shamba, bado amejitanda kaniki ya msibani, akauliza tu, "Na mvua je?"

Nikamjibu kwa jeuri kwamba mvua ilikuwako kabla ya Wazungu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Masika ikaja, na tulikuwa tumekwisha kupanda. Mvua gani ile! Tulisimama mlangoni tukilitazama shamba linaondoka. Maji yalikuwa uji mwekundu, yanashuka mtoni na mahindi yetu na maharage yetu. Yalipokauka tukakuta mawe matupu. Ole wangu mimi!

Nikaenda kwa yule rafiki kuomba mbegu. Nikapitia shambani kwake. Matuta! Ameyachimba kimya kimya, upande usioonekana kutoka njiani. Alinipa kibaba cha maharage na hakunitazama usoni. Ningemwambia nini? Jembe nililishika mwenyewe.

Zile mbegu hazikuzaa kitu kwenye mawe. Wadogo zangu wakashuka Korogwe kukata mkonge. Mmoja alituletea salamu mara moja, kisha kimya. Wa mwisho hatujui yuko wapi, hai au mfu.

Nilimpigia mama magoti. Nikalia, mtu mzima na ndevu zangu. "Nisamehe mama. Nitaubeba udongo kwa kikapu kutoka bondeni, nitaurudisha wote."

"Udongo sikudai, mwanangu," akasema. "Nirudishie wenzako."

Jamani! Hao nitawarudisha kwa kikapu gani?

Wewe unayesoma, kama una hasira na serikali, kaigombeze serikali. Usiipeleke hasira yako kwenye kazi ya mikono ya mama yako, eti watu wakuone mwanamume. Hao wanaokushangilia watakwenda kwao kula. Utabaki wewe na mama yako jikoni, na kila akisikia hatua za mtu nje atainuka mbio kutazama. Akiona kumbe ni wewe, atakaa tena.