Hondohondo na Mbaazi za Shangazi Kwandu

"Shangazi, wewe ni hondohondo au mbaazi?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, likizoni kwake Lalago, mwaka ule wanunuzi binafsi walipofika na mizani zao kununua pamba. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba hondohondo jike, ndege wa msituni, hujiziba kwa udongo ndani ya tundu la mti, na dume humlisha kupitia ufa mwembamba. Nikamkumbuka shangazi. Mumewe, Luhaga, aliuza pamba yote akaenda machimboni, asitume hata habari. Shangazi akabaki kwa wakwe zake, kila gari likisimama anakimbilia barabarani, anarudi mikono mitupu. Nilitaka aondoke, arudi kwetu Bariadi.

"Shika jembe," alinijibu. "Maswali hayapalilii."

Pamba ikishavunwa, mabua sharti yang'olewe na kuchomwa. Shamba likabaki jeusi, isipokuwa mbaazi alizopanda kati ya mistari. Mvua ilikwisha zamani, zenyewe ndiyo kwanza zinachanua, manjano tupu! Mbaazi niliyomuulizia ndiyo hiyo: huchanua bila kungoja mvua.

Shemeji yake, Bundala, akasimama mpakani akicheka. "Shemeji, mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Wewe unamsingizia Luhaga, eti?"

"Maua si haya, shemeji. Lete na yako tuyaone."

Kila likizo nilimkuta hatulii. Ataanika mbaazi, ataziacha, atakwenda zizini, atarudi. Wanunuzi walitoka Maswa kuzifuata, naye kila msimu akaongeza mtamba. Kitenge kipya hakununua. Nilikasirika kabisa: mtu ana ng'ombe wake, anangoja nini?

Juzi, sasa niko kidato cha tatu, nilimkuta asubuhi anafungua zizi. Ng'ombe kumi na wawili.

"Nawapelekea wakwe mahari yao," alisema. "Kisha naondoka."

"Si ungeondoka zamani, baba akairudisha yeye?"

Akacheka, fimbo begani.

"Angeitoa wapi? Ng'ombe wa mahari yangu ndio baba yako aliowatoa kumwoa mama yako. Ningeondoka, wangedaiwa kwenu, na mama yako angerudishwa kwao. Wewe ungelelewa na nani? Uliniuliza, sikusahau. Mbaazi ndiyo imenifungulia mlango. Ila hondohondo nilikuwa kweli, mwanangu. Yule ndege hajizibi kwa ajili ya dume. Hujiziba kwa ajili ya kinda."