Mzee Aminieli Anatembea kwa Miguu

Huku Machame mwenye pikapu hatembei. Akitembea, kuna jambo. Kwa hiyo jioni ile Aminieli alipopita barabarani kwa miguu, kitambi mbele, yeye nyuma, watu waliacha kukata majani ya ng'ombe wakamtazama.

Zamani alikuwa mgumu, ndivyo wapagazi wa mlima wanavyoitana. Alibeba mizigo ya wageni hadi karibu na theluji, akila ugali wa kumshibisha fahali, na alibaki mwembamba. Kisha akapata pikapu ya kupelekea ndizi sokoni Kwa Sadala. Mlima akauacha, sahani hakuiacha. Kitambi kilipokuja, sisi wajinga tukakipongeza, tukampa na uzee wa kanisa.

Ndipo kiu isiyoisha ikaanza. Mjini Moshi, Dokta Jasmeet alimpima sukari, akakunja uso.

"Baba, msuli ndio mlaji mkubwa wa sukari mwilini," alisema. "Wako ulizoea mlima. Sasa umekaa, na chakula bado ni cha mpagazi. Mafuta yamejaa mpaka ndani ya msuli. Ni kama jiko lililojazwa kuni wala hakipikwi kitu: linatoa masizi, masizi yanakwamisha kitasa cha mlango. Insulini inabisha hodi ili sukari iingie, mlango haufunguki."

"Kwa hiyo sukari imelala nje?"

"Imelala kwenye damu, inaharibu macho, figo na miguu."

Aminieli akaitazama miguu yake. Kaka yake alizikwa na mguu mmoja.

"Dawa nitakupa," daktari aliendelea, "lakini peke yake haimwezi mtu anayekaa. Punguza sahani, utembee kila siku. Msuli ukifanya kazi unafungua mlango wa nyuma, hata insulini isiposikika."

Kutembea! Kuna kazi rahisi kuliko hiyo? Kwetu ni ngumu. Kila gari lilisimama. "Shikamoo meku, panda!" Bodaboda walimgombea bure. Kukataa lifti ni tusi, basi akapanda, akarudishwa nyumbani kabla hajatoka jasho. Siku moja alirudishwa na gari la kubebea majeneza, tena wakamsindikiza mpaka mlangoni.

Alipoeleza habari za masizi, watu walimwonea huruma. Masizi gani? Mwanamume haachi gari uani akatembea, ila kama mkewe amemnyang'anya ufunguo. Ikaamuliwa kwamba mkewe, Eliona, amemfukuza.

Jumapili baada ya ibada tukaenda kumwombea msamaha, Mzee Ebenezeri mbele na jani la isale mkononi. Mchagga akiletewa isale hasemi hapana. Anasamehe hata aliyemchomea nyumba. Tulikwenda na mbuzi pia, maana msamaha bila nyama na pombe ya mbege haujakamilika, na msamehewa ndiye anayetakiwa kula kuliko wote.

Aminieli alipomwona mbuzi, machozi yalimtoka. Tukasema, anajuta.

Eliona alimtazama mumewe, akamtazama mbuzi. Hajawahi kumnunia mume huyo hata siku moja. Lakini akisema hivyo, mbuzi angechinjwa kwa furaha. Na akisema amesamehe, angechinjwa vilevile.

"Isale nimelipokea," alisema. "Ila makosa ya Baba Goodness ni makubwa, sitayataja mbele za watu. Atakwenda kanisani na kurudi kwa miguu kila jioni. Atakayempakia ameingilia ndoa yangu. Na mbuzi arudi kwao mpaka nitakaposema."

Mbuzi akarudi. Nilikasirika, wala sikuficha.

Tangu hapo Aminieli anapanda na kushuka kilima, na magari yanampita bila hata honi. Eliona naye, akina mama wa kwaya wamemhama benchi. Wanamwita moyo wa jiwe, naye anainamisha kichwa tu.

Juzi Aminieli alirudi kliniki akicheka: sukari imeshuka, mkanda umetobolewa matundu mapya. Nilikuwa shambani, kwenye kihamba chetu, ng'ambo ya mibuni, nikamsikia akimwambia mkewe.

"Mama Goodness, Jumapili nitasimama kanisani niseme ukweli. Nimechoka kuona wanakutenga kwa ajili yangu. Inaniuma."

Eliona alikuwa akimenya ndizi, wala hakuinua uso.

"Thubutu," alisema. "Wakijua nakupenda, watakupa lifti."