Mguu wa Mama Vonceil

Delbert Huckaby alijifunza ngoma kanisani, hapa hapa kaskazini mwa Alabama, akiutazama mguu wa mama yake. Mama Vonceil alipiga piano huku mguu ukitwanga sakafu, na Delbert alingoja uguse ubao ndipo apige. Siku zote akawa nyuma kidogo, na utamu wa bendi yetu ulikuwa hapo hapo. Vilabuni watu walicheza mpaka mashati yanalowa.

Mwaka sabini na moja tukapata nafasi ya kurekodi albamu. Delbert alitaka kitu kimoja tu, mama yake amsikie kwenye santuri. Watu wa studio wakamfungia peke yake kwenye kijichumba cha mbao, visikizio masikioni. Humo hakuna mguu wa mtu. Wimbo ukaanza, ukavunjika. Ukaanza tena, ukavunjika tena.

"Unaburuta mdundo, kaka," akasema Garland, bwana mwenye pesa na neno la mwisho.

"Ndivyo ninavyopiga, bosi."

"Basi kapige hivyo kwenu."

Alasiri akaja mpiga ngoma wa studio, mtu mpole, hana baya. Nyimbo zikawa zinapita kama maji. Mimi nilikuwa na gitaa langu la besi shingoni, nikapiga naye. Ulitaka nifanye nini? Nigome, Garland amlete na mpiga besi wake? Delbert alikaa kwenye kochi nyuma ya kioo tangu mwanzo hadi mwisho.

"Jamaa anajua," akaniambia tulipotoka. Iliniuma, inaniuma mpaka leo.

Kwenye jalada wakaweka picha ya Delbert, maana ndiye aliyejulikana vilabuni. Albamu ikavuma nchi nzima. Mama Vonceil akakaanga kuku, akaita majirani, akaweka santuri. Delbert alikuwa hajamwambia.

"Hebu nyamazeni, mumsikie mwanangu," mama akasema.

Mguu wake ukaanza kutwanga. Ngoma zikautangulia. Ukasita, ukajaribu upya, zikautangulia tena. Mwisho ukatulia sakafuni.

Akamtazama Delbert. Delbert alikuwa ameinamia sahani yake.

"Mnamsikia?" Mama Vonceil akawauliza majirani. "Huyo ndiye Delbert wangu." Akanyoosha mkono, akaongeza sauti ya santuri.