Wembamba Pembeni, Wanene Katikati

Mpiga picha hupanga watu kwa kanuni moja: wembamba pembeni, wanene katikati. "Lenzi hii inameza chumba kizima," husema, akiipangusa kwa pindo la shati, "ila aliye pembeni inamvuta akatanuka." Kisha hurudi kinyumenyume mpaka mgongo ugote ukutani, akafumba jicho moja.

Leo sebule ni finyu, na kaka wawili, wembamba kama fito, wamesimama kila mmoja pembe yake. Tangu wamzike baba yao hawasalimiani. Kanuni ilikuwa imetimia yenyewe. Lakini jichoni mwa kamera mpiga picha alimwona mama yao akitazama kushoto, kisha kulia, asijue amwangalie nani. Akaishusha.

"Nyie wawili, njooni katikati, bega kwa bega. Huko mtatoka vichwa kama mapapai."

Hakuna aliyecheka. Mkubwa akakohoa, akapiga hatua; mdogo akajongea. Ndipo shangazi yao, mnene wa kujaza mlango, akawapisha, akaenda pembeni bila kuambiwa.

Picha ilipotoka, shangazi alikuwa ametandazika kama godoro. Mpiga picha akaanza kumwomba radhi.

"Nyamaza, mwanangu," shangazi akasema. "Bora nimevutwa mimi."