Kipande cha Mwisho cha Mjukuu

Jamani, msiniambie ajali haina kinga. Mimi nilikuwa meza ya pili, nilimwona.

Maabara nzima tulimwita Bi Polepole, kwa sababu ya kazi yake. Protini za kwenye utando wa seli hukaa kwa makundi, zimeshikana. Yeye alizitoa kwa sabuni laini, juu ya barafu, akazitia rangi ya buluu, kisha umeme ukazivuta ndani ya jeli, kila kundi likasimama kwenye mstari wake. Mstari ukikosekana, unajua ugonjwa uko wapi. Ole wako umsogelee na maji ya moto! "We! Ukizichemsha zinaachana, hazirudiani!"

Mjukuu wake alifariki ana miezi minane. Misuli ililegea tu, basi. Kikabaki kipande cha msuli wake kwenye friza letu, kidogo kuliko punje ya mchele. Binti yake alitaka kujua jambo moja: kilichomuua mwanawe kitampata na mwingine? Bila jibu, alisema, hazai tena.

Nilimsihi Bi Polepole aniachie mimi kazi ile. Mganga hajigangi.

"Nani atamshika kwa upole kunishinda? Wewe?" akanijibu. Haya, nikarudi mezani kwangu.

Siku ile kulikuwa na vichupa vya kazi nyingine, vya kuchemshwa. Vya jeli yake vilikuwa kwenye barafu, ila cha mjukuu, chenye kile kipande chote, hakutaka kiwe mbali naye. Alikiweka hapo hapo mbele yake, kikachanganyika na vile vya kuchemshwa. Macho yamemvimba kwa kulia, akavizoa vyote, akavitumbukiza kwenye maji yanayochemka. Nikaona. Nikadhani anajua anachofanya, nani angemsahihisha yeye? Mpumbavu mimi!

Alipovitoa ndipo akasoma mwandiko wake juu ya kifuniko. Hata hivyo akakipitisha kwenye jeli, moyo haukukubali. Saa tisa jeli ikatoka. Njia zilimopita protini za watu wenye afya, za kulinganishia, zilikuwa na mistari safi. Ya mjukuu, ukungu mtupu wa buluu.

"Ndiyo kazi, mama," mkuu wa maabara akasema. Nilitamani kumzaba kofi.

Akampigia binti yake, simu ameiweka mezani, spika wazi.

"Mwanangu, nimekichemsha. Nimekiharibu. Sina jibu la kukupa."

Binti akauliza:

"Kwa hiyo, mama, hakuna tena chake kilichobaki?"

"Hakuna, mwanangu."