Zikikubaliana Saba

Sifael alikuwa mbishi, na hilo nitalisema hata mbele yake. Kiwanda cha mjini Arusha alikosagia lenzi za miwani kilipobinafsishwa, akapunguzwa kazi. Wenzake walifungua vibanda vya mitumba Ngaramtoni. Yeye akarudi kwao Oldonyo Sambu na gunia la lenzi zilizokataliwa, akatangaza kuwa anatengeneza darubini kubwa. Jamani!

Lenzi moja kubwa hata tajiri huiulizia bei akaondoka. Sifael akasema kidole kimoja hakivunji chawa: atafunga darubini ndogo saba kwenye fremu moja, na vioo vidogo vipeleke mwanga wa zote kwenye tundu moja la kuchungulia. Zikikubaliana, yaani zote zikilenga nukta moja, nyota ingeng'aa kama inavyong'aa kwenye darubini kubwa.

Basi, hazikukubaliana. Miaka minne alikaza skrubu hii, ile ikalegea. Watu walimcheka, halafu wakachoka hata kumcheka, na hilo ndilo lililomuuma. Aliyebaki kuuliza ni Soila, mkewe.

"Baba Jackline, nionyeshe nyota basi, hata kwa hiyo moja."

"Kitu hakijaombewa, Mama Jackline. Ngoja zikubaliane, mchungaji aje, wewe utakuwa wa kwanza."

Kwao ndivyo ilivyo: nyumba haihamiwi, mashine ya kusaga haiwashwi, mpaka mchungaji aombe. Lakini tuseme ukweli, mchungaji alikuwa kisingizio tu. Sifael aliona haya mkewe kuchungulia kazi ya nusu. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Masika yale homa ilimshika Soila Jumatatu, Ijumaa wakamzika nyuma ya migomba.

Nyumba ikawa kimya; binti yao Jackline alikuwa ameshaolewa mbali. Sifael alipika ugali wa watu wawili, akala peke yake, akarudi kwenye skrubu zake kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Na kosa lenyewe, loo, lilikuwa dogo! Siku zote alizilenga zote saba kwenye msalaba wa kanisa ng'ambo ya bonde. Pale zilikubaliana vizuri. Akigeukia nyota, anaona saba. Msalaba ulikuwa karibu mno. Macho yanayokutana kwenye kitu cha karibu huachana kwenye cha mbali. Jioni moja akaacha msalaba, akazilenga kwenye Zuhura yenyewe, nyota ya jioni, moja baada ya nyingine. Ya saba ilipoingia, ikabaki nyota moja, nyeupe, kali. Akalia kwa sauti, na hakuna aliyemsikia.

Wiki iliyofuata mchungaji akaja, na majirani wote, hata wale waliochoka kucheka. Wakaimba, wakaomba. Kina mama walipiga vigelegele.

"Haya, mzee Sifael," mchungaji akasema, "nani aanze?"

Sifael akalifunika tundu kwa kiganja.

"Wa kwanza hayupo," akasema, akaondoa mkono. "Anzeni na wa pili."